Gazeti la uzinduzi ni lipi?

Kwa wakusanyaji wa magazeti ya magari, gazeti la uzinduzi ni toleo lililotoka siku gari lilipotangazwa rasmi, au kesho yake. Si kila gazeti kuukuu lenye picha ya gari. Ford Mustang ilizinduliwa New York tarehe 17 Aprili 1964. Magazeti ya siku hizo ndiyo ya uzinduzi. La 1966 lenye Mustang ukurasa mzima ni tangazo tu, hata livutie vipi.

Kwetu Mombasa mambo huwa na pande mbili. Gari lilizinduliwa Ulaya, likapakiwa melini, likaja kushushwa Kilindini, kisha wakala wake akatoa tangazo kwenye magazeti ya hapa. Kwa hiyo gari moja laweza kuwa na magazeti mawili ya uzinduzi, la kwao na la kwetu. Wengi hukimbilia la Ulaya. Mimi nalipenda la hapa, maana lina bei kwa shilingi na jina la muuzaji, tena kulipata ni kazi: mengi yaliishia kufungia viazi karai. Tafuta Mombasa Times, au East African Standard, ambalo lilianza hapa hapa Mombasa mwaka 1902 likiitwa African Standard kabla ya kuhamia Nairobi.

Tarehe ndiyo roho ya biashara hii, na Peugeot 504 inaonyesha kwa nini. Waandishi wa habari walikuwa waonyeshwe gari hilo Juni 1968, lakini migomo na ghasia za Mei kule Ufaransa zikasogeza shughuli hadi Septemba. Ukiletewa gazeti la Julai mwaka huo linalosema gari limezinduliwa jana, mrudishie mwenyewe.

Nakala za kuigiza zipo nyingi. Usiishie kutazama picha, geuza ukurasa. Nyuma pawe na habari nyingine za siku ile ile: tanzia, sinema, matokeo ya mpira, matangazo madogo ya nyumba za kupanga. Ukikuta nyuma peupe, hilo ni bango. Karatasi nyeupe pee ya gazeti la miaka sitini nayo itiliwe shaka, kwani karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao iliyosagwa, na lignini, yaani kile kitu kinachoshikanisha nyuzi za mti, iliyobaki ndani huigeuza manjano, hasa ikipigwa na jua.

Adui mkubwa wa Pwani ni unyevu, halafu mende na mchwa. Laza gazeti bapa ndani ya jalada lisilo na asidi, mbali na dirisha na mbali na ukuta unaotoa maji. Palipochanika usipatie selotepu, gundi yake huacha doa la kahawia lisilotoka. Na usilipeleke kupigwa laminesheni, hata fundi akikuhakikishia: plastiki ikishashikana na karatasi kwa moto, kuzitenganisha ni kuliharibu gazeti lenyewe.