Kabla hujamvika askari, mvike mama wa mahamri

Nimebuni mavazi ya jukwaani na ya hadithi za picha kwa miaka 12, na minne ya mwisho nimeitumia kujenga mji mmoja tu: Mombasa ya mwaka 2160, ambako katika kila watu watatu mmoja huzaliwa na kipawa. Wapo wenye joto viganjani, wenye umeme mwilini, wenye nguvu za kunyanyua gari, na wachache wanaopenya ukuta kama wewe unavyopita pazia. Waandishi wanaoniletea miswada ya ulimwengu wa namna hii karibu wote huanzia kwa askari. Ngao keshapewa, kofia ya chuma keshapewa, hata jina la kikosi lipo. Mimi humrudisha mwandishi soko la Kongowea, saa kumi na mbili asubuhi. Yule mama anayekaanga mahamri kwa joto la viganja vyake, bila jiko, amevaa nini? Ukimpata huyo, nusu ya sheria za mji wako umeshazipata.

Swali hili nilirithi kwa shangazi yangu, fundi cherehani wa Majengo. Nilimpelekea mchoro wangu wa kwanza, kijana wa moto ndani ya vazi jeusi la kubana kuanzia shingoni hadi kisiginoni. Aliutazama kwa muda, akaniuliza, "Mwanangu, na jasho la Machi huyu atalipeleka wapi? Na nguo hii inafuliwaje?" Anayeijua Mombasa ya Machi, unyevu wa bahari na upepo uliokufa, hahitaji maelezo. Mwili wa mtu aliyekaa tu hutoa joto la wati 100 hivi. Huyu wangu anatoa zaidi ya hapo mara nyingi, halafu nimemfunga kama muhogo ndani ya jani la mgomba.

Nikaanza upya, safari hii na kitambaa. Nilifanya jaribio ambalo mafundi wa nguo wanalijua: chomoa uzi mmoja, ushike kwa koleo, usogeze kwenye mwali wa mshumaa. Pamba huwaka upesi, hunuka karatasi iliyoungua, na jivu lake ni la kijivu, laini, ukilipuliza linapeperuka. Sufu huwaka kwa shingo upande na hunuka nywele. Ukiitoa motoni, hujizima. Poliesta haingoji kuguswa. Hujikunja, huyeyuka, hudondoka, na ikipoa hubaki shanga nyeusi, ngumu kama punje ya pilipili manga. Shanga ile niliiweka mezani nikaitazama kwa muda mrefu. Ikiangukia ngozi ikiwa moto, haing'oki bila kuondoka na ngozi.

Sasa piga hesabu. Mafuta ya mahamri yanataka nyuzi 180 hivi za Selsiasi. Poliesta huyeyuka kwenye 260 hivi, na huanza kulegea kabla ya hapo. Kati ya kazi ya mama yule na ajali pana nyuzi 80, na mteja mmoja mkorofi anatosha kuzimaliza. Kwa hiyo mama wangu havai poliesta. Anavaa gauni la pamba lenye mikono ya kufunga kwa vishikizo, mkono ukiungua anabadilisha mkono, gauni linabaki. Kwenye kikapu chake, chini ya unga na iliki, ana mikono sita ya akiba iliyokunjwa.

Zipo nyuzi bora kuliko pamba. Aramidi, ile ya nguo za wazimamoto, haiyeyuki kabisa. Ikizidiwa na joto hugeuka makaa palepale ilipo. Ndugu yake Kevlar, uzi unaofumwa fulana za kuzuia risasi, alivumbuliwa na mkemia Stephanie Kwolek huko DuPont mwaka 1965, kwa hiyo si jambo la kubuni. Lakini ni ghali, na uwezo wa mtu kuinunua haufuatani na moto alionao mwilini. Mtoto wa tajiri mwenye joto dogo ana shati la aramidi la kwendea shule. Mchomaji vyuma wa Changamwe, mwenye moto wa kweli, ana pamba yenye viraka. Mwandishi akinionyesha mji ambao kila mwenye kipawa ana nguo ya kipawa chake, huwa najua hajamuuliza mtu yeyote mle ndani bei ya doti.

Hapo ndipo nilipompata mtu wa kwanza wa sheria katika mji wangu, na hana silaha. Ni mkaguzi wa vitambaa. Hupita sokoni na mshumaa, koleo na daftari. Huchomoa uzi kwenye pindo la nguo inayouzwa kama pamba, huuchoma mbele ya muuzaji, na wote wawili husubiri kuona kama ni jivu au ni shanga. Kuuza poliesta kwa jina la pamba katika mji huu kunaweza kuua, na adhabu yake ni nzito kuliko ya wizi wa kawaida. Watoto wanamjua kwa harufu ya mshumaa. Nampenda mhusika huyu kuliko kamanda yeyote niliyewahi kumchora.

Wenye umeme hawakunisumbua sana. Mafundi wa nyaya za msongo mkubwa huvaa suti zilizofumwa na nyuzi za madini ili umeme uzunguke juu ya nguo usipite mwilini, nami nikachukua wazo hilo nikaliweka kwenye kikoi: uzi wa shaba ndani ya pindo, na kishada kinachogusa ardhi. Mzee akitembea Kibokoni usiku unasikia kishada kikikwaruza mawe. Wanaopaa huvaa suruali chini ya kila kitu, na hilo halihitaji maelezo.

Jambo lililonichukua mwaka mzima ni hili: nguo ya mwenye kipawa imtangaze au imfiche?

Waandishi wengi hujibu haraka. Serikali itawavalisha alama, nyota begani au ukanda wa rangi, kisha hadithi inaendelea. Sisi wa pwani hii hatupaswi kulipita jambo hilo mbio hivyo. Katika karne ya 19 watumwa wa Unguja na mwambao walivaa merikani, ile pamba isiyopaushwa iliyokuja na meli za Wamarekani, au kaniki iliyotiwa nili ikawa karibu nyeusi. Kofia na viatu vilikuwa vya waungwana. Mtu alisomwa kwa kitambaa kabla hajafungua kinywa. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliotoka utumwani waliiacha kaniki wakachukua kanga, yenye rangi na yenye maneno. Walibadilisha hadhi yao dukani, kwa kuchagua nguo.

Huko bara la Kenya, kuanzia mwaka 1920, wanaume Waafrika watu wazima walilazimishwa kubeba kipande: alama za vidole, jina, kabila, na rekodi ya mwajiri, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Nilipoanza kubuni sajili ya vipawa ya mji wangu, neno hilo halikuniachia. Kila rasimu niliyoandika, bangili au chipu chini ya ngozi, ilikuwa ni kengele ileile kwa umbo jingine.

Kwa hiyo mjini kwangu raia halazimishwi kuvaa alama ya kipawa chake. Badala yake kuna kanga, na kanga tayari inajua kazi hii. Ina pindo, ina mji, yaani sehemu yake ya katikati, ina jina, yaani maneno yake, na aliyeivaa ndiye anayechagua jina lipi, siku gani, mbele ya nani. Mama wa mahamri anayejua leo moto wake hautulii huvaa kanga ambayo majirani wanaisoma wakasogea hatua mbili. Hakuna afisa aliyeiandika. Kesho ametulia, anavaa nyingine. Mara nyingine huvaa ile ya kumwonya jirani mmoja tu, na soko zima linaelewa ni nani.

Sheria ya mavazi inaweza kwenda upande mwingine pia, na mwandishi anayetaka kuona inavyokuwa asome habari za Dar es Salaam ya 1968 na 1969. Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati ule, ulipiga marufuku vimini, mawigi na suruali za kubana, marufuku ikapangwa kuanza Januari 1969, na hata kabla ya siku hiyo kufika wanawake walishambuliwa mitaani. Tazama mpangilio wa mambo: kikundi cha vijana kinajipa kazi ya askari, na mwili wa mwanamke unakuwa mahali pa kuifanyia kazi hiyo. Katika mji wenye vipawa, vijana wa namna hiyo hawatahitaji hata kunyoosha mkono. Mwenye joto kali anaweza kuiunguza nguo ya mtu kutoka ng'ambo ya barabara, ngozi isipate hata lengelenge.

Hilo ni kosa gani? Uharibifu wa mali? Kanga si ghali kiasi hicho. Shambulio? Hakuguswa. Nilipata jibu Kenya. Novemba 2014, baada ya wanawake kuvuliwa nguo hadharani, kulikuwa na maandamano makubwa Nairobi, na mwishoni mwa mwaka huohuo kumvua mtu nguo kwa nguvu kukawekwa kwenye Kanuni ya Adhabu kama kosa linalojitegemea, kifungo kisichopungua miaka 10. Mjini kwangu sheria hiyo bado ipo, imeongezewa maneno machache tu: "kwa mkono au kwa kipawa."

Sasa ndiyo tunafika kwa askari.

Polisi wa London walipoanzishwa mwaka 1829 walivikwa buluu kwa makusudi, kwa sababu jeshi lilivaa nyekundu na raia hawakutaka wanajeshi mitaani mwao. Trafiki wa Tanzania wamevaa nyeupe, unawaona kutoka mbali na unajua si wale wengine. Kenya ilipotangaza sare mpya ya buluu mwaka 2018 watu walibishana kwa wiki kadhaa, na walikuwa na haki ya kubishana, maana sare ni ahadi kuhusu jinsi utakavyotendewa na aliye ndani yake. Kabla ya kuchagua rangi mimi huuliza: sare hii inamwambia raia kwamba huyu si nani?

Askari wangu wanavaa shati la pamba la rangi ya mchanga, jina limeshonwa kifuani kwa herufi zinazosomeka kutoka hatua 10, na begani kuna alama ya kipawa chake, au beji nyeupe tupu kama hana. Yeye ndiye pekee mjini anayelazimishwa kujitangaza. Raia ana siri yake. Aliyepewa mamlaka ya kukamata hana. Waandishi wenzangu wamenipinga sana hapa, wakisema mhalifu atamjua askari udhaifu wake. Ni kweli, na baadhi ya askari wangu wameumia kwa ajili hiyo katika hadithi. Bado siibadilishi.

Kuhusu kifaa cha kuzima vipawa, ile pingu ya ajabu iliyomo katika kila mswada: nakiondoa. Kikiwepo, maswali yote mazuri yanakufa, na kwa jinsi ninavyoijua miji yetu, kitafungwa kwanza mkononi mwa wachuuzi. Bila kifaa hicho inabidi ufikiri. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Utamwekaje saa 24 mtu anayepenya ukuta? Huwezi. Unahitaji mtu anayemjua, ambaye akisema "nitakuja naye kesho" watakuja wote wawili. Dhamana inakuwa kila kitu, na ile nyumba kumi, majirani wa nyumba kumi chini ya balozi mmoja, iliyoanza kwa mabalozi wa TANU na ambayo Kenya iliichukua mwaka 2013, inakuwa uti wa mgongo wa utaratibu wote. Ina ubaya wake. Balozi wa nyumba kumi anaweza kuwa mlinzi wako au jicho la serikali chini ya dari yako, na nimeandika mabalozi wa aina zote mbili. Mgeni wa mji asiye na jirani wa kumdhamini ndiye anayeonewa zaidi Mombasa ya 2160, awe na kipawa au asiwe nacho.

Kitu kimoja zaidi kuhusu sare, maana niliamua wiki iliyopita na bado kinanikaa moyoni. Mwenye joto akikamatwa akiwa na hofu, nguo zake huungua. Hatuwezi kumpitisha mtu barabarani hivyo, liwe kosa gani. Kwa hiyo kila askari wangu, kwenye mkoba wa kiunoni ambako nilikuwa nimechora rungu, ana kanga moja ya pamba iliyokunjwa mara nne, na jambo la kwanza analofundishwa, kabla ya kukimbia na kabla ya kulenga, ni kuikunjua na kumsitiri mtu bila kumgusa.

Nimeshachora pindo, korosho nyekundu pande zote nne. Mji wake nimeuacha mweupe, aliyekamatwa asionekane kuwa upande wa yeyote. Jina sijalipata. Shangazi amenipa matatu, nayo yote yana ukali kidogo.