Nakshi ibaki mlangoni: kuchagua mtindo wa jiko katika nyumba ya Mji Mkongwe

Wateja wanaonifuata kuhusu jiko karibu wote huja na picha kwenye simu, na picha zenyewe nimeshazizoea. Kuna jiko jeupe pepepe la Ulaya, lina meza kubwa ya kujengea katikati na dirisha pana linalotazama bustani. Kuna la makabati yanayong'aa, na taa za bluu chini ya rafu. La tatu ndilo linalonipa kazi zaidi, kwa sababu mwenye nalo anaamini ameiheshimu nyumba yake: makabati ya mninga yaliyochongwa maua na minyororo, vifundo vya shaba, na tao juu ya sinki. "Nataka jiko la Kiswahili hasa," ataniambia, "liendane na nyumba."

Kazi yangu ni usanifu wa ndani, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni nyumba kongwe za Unguja, mara mojamoja Mombasa na Lamu. Jibu langu kwa picha ya tatu huwa hili: nyumba yako haikuwahi kuwa na jiko la namna hiyo. Mlango wa mbele ulichongwa kwa kuwa ulitazama njia, na kila apitaye alisoma humo hadhi ya mwenye nyumba. Zidaka za ndani, yaani vishubaka vya ukutani, zilipambwa kwa kuwa zilipangwa sahani za kauri ili mgeni azione. Jikoni mgeni hakufika. Katika nyumba za matajiri, waliokuwa wakisimama humo tangu alfajiri walikuwa watumwa, na baadaye watumishi, na hakuna aliyemlipa fundi wa nakshi kwa ajili yao. Kulikuwa na mafiga au seredani, kinu na mchi, mbuzi ya kukunia nazi, mtungi wa maji, na kuta zilizopakwa chokaa kila zilipozidi masizi. Ukweli huo haupendezi, ila ndio unaotufungulia njia: jiko la nyumba kongwe lilikuwa chumba kitupu chenye vyombo vinavyohamishika. Anayetaka kuendana na nyumba aanzie hapo.

Cha pili ninachotaka kujua, kabla hata ya kuzungumzia rangi, ni jiko lilikuwa wapi. Katika nyumba nyingi za ghorofa za Shangani, Kiponda au Malindi lilikuwa uani, au juu kabisa karibu na paa, ili moshi na joto viondoke bila kupita vyumbani. Lamu mtindo wa kupikia juu chini ya makuti unaonekana hadi leo. Siku hizi familia inataka jiko liwe karibu na sebule, ghorofa ya kwanza, katika chumba ambacho mjenzi wa awali hakukikusudia maji wala moto. Inawezekana. Lakini uamuzi huo mmoja unafunga nusu ya milango ya mtindo, na sababu zake ziko ukutani na sakafuni.

Nianze na ukuta. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, mara nyingi unene wa nusu mita au zaidi. Ukuta huu unafyonza maji kutoka ardhini, kutoka hewani, kutoka bomba la jirani linalovuja, kisha unayatoa polepole kupitia lipu ya chokaa. Ukiufunika kwa saruji, maji hayana pa kutokea. Yanabaki ndani, yanayeyusha chumvi iliyomo katika mawe, na chumvi ile ikifika karibu na uso inaganda na kusukuma. Ndiyo ule unga mweupe na lipu inayobanduka vipande vipande ambavyo mwenye nyumba huvifuta, akapaka rangi ya mafuta, na baada ya masika vikarudi vile vile. Taili kutoka sakafuni hadi darini ni kosa la aina hiyo hiyo, tena baya zaidi, kwa kuwa uharibifu hauonekani. Unyevu ukikosa njia chini hupanda, na utaukuta chumba cha pili au ghorofa ya juu.

Kwa hiyo mtindo wa jiko lenye taili kila mahali, jeupe na la kung'aa, ninaukataa kwenye kuta hizi, hata mteja akiupenda vipi. Ninachokubali ni utepe wa taili nyuma ya sinki na nyuma ya jiko la gesi, kimo cha sentimita 50 au 60 juu ya kaunta, mahali maji na mafuta yanaporukia. Kwingine kote ni lipu ya chokaa na chokaa ya kupaka. Chokaa haifutiki kwa sabuni kama rangi ya plastiki, hilo sifichi. Itabidi uipake upya kila baada ya muda. Ila ni rahisi, kijana wa nyumbani anaweza kuipaka, na ukungu hauipendi. Jambo la kukumbuka ni subira. Lipu ya chokaa inakomaa kwa kunywa hewa, tena polepole, kwa tabaka, na ikiwa imekingwa na jua kali. Fundi mwashi aliyezoea saruji atataka kumaliza kwa wiki moja. Usimpe nafasi hiyo.

Sakafu nayo. Ghorofa nyingi za zamani zimebebwa na boriti za mkoko, ambazo kwa urefu wake hazivuki zaidi ya mita tatu hivi; ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Juu ya boriti kuna mawe na zege la chokaa, mzigo tosha tayari. Sasa njoo na kaunta ya zege, ile mafundi wetu wanayoipenda: kuta fupi za matofali, juu yake bamba la saruji la sentimita 10, juu yake taili. Bamba peke yake, lenye urefu wa mita tatu na upana wa sentimita 60, lina zaidi ya kilo 400, bila kuhesabu matofali. Granaiti ya sentimita 3 kwa eneo hilo hilo ni karibu kilo 150. Mbao ngumu ni chini ya hapo sana. Chini kwenye udongo, jenga kaunta ya zege ukitaka, inadumu na inaoshwa kwa maji mengi. Juu ya boriti usiijenge, hasa kama ncha za boriti zimezama katika ukuta wenye unyevu, kwa sababu huko ndiko zinakooza kwanza na huwezi kuona. Mwambie fundi afukue ncha mbili tatu kabla ya kuamua chochote. Msumari ukizama kwa kidole, maongezi ya mtindo yaahirishwe.

Hapo ndipo mtindo unapojileta wenyewe. Ukuta unaotaka kupumua na sakafu isiyotaka mzigo vinaelekeza kwenye jiko la samani: makabati yanayosimama kwa miguu yake, kimo cha sentimita 15 kutoka chini, yasiyo na mgongo au yenye mgongo wa fito, yaliyosogezwa sentimita tano kutoka ukutani. Hewa inapita nyuma, ufagio unapita chini, mende hapati pa kulala kwa raha. Siku bomba likipasuka unasogeza kabati, hubomoi. Tena kuta hizi hazinyooki. Tofauti ya sentimita tano kati ya kona na kona si ajabu, na kabati la kiwandani lililopimwa kwa ukuta ulionyooka litaacha nyufa ambazo fundi atazijaza silikoni. Samani inayosimama peke yake haioni aibu mbele ya ukuta uliopinda.

Mbao: mvule na mtiki ndizo ninazozipenda kwa pwani. Mninga ni mzuri, ila wengi huupiga vanishi nzito hadi ukafanana na plastiki. Mafuta ya kupaka yanatosha. Ubao wa unga wa mbao uliobanwa, ule mwepesi wa madukani, huvimba miguuni mwaka wa kwanza ukiwekwa karibu na bahari, hata kama mlango wake ni mzuri wa kutamanika. Bawaba ziwe za shaba au za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, si 304, kwa sababu hewa ya chumvi inaijua tofauti.

Makabati ya juu, ya kutundika, siyapendi kabisa humu. Jiwe la matumbawe ni laini na chokaa inayolishika ni laini zaidi, kwa hiyo skrubu na plagi yake ya plastiki hutoka na kipande cha ukuta siku kabati likijaa sahani. Badala yake tumia rafu chache za ubao mnene zilizochimbiwa ukutani. Na kama chumba kina zidaka, una bahati. Zisafishe, zipake chokaa, weka humo viungo na vikombe. Usizitie milango ya kioo.

Nakshi sasa. Sikatai nakshi moja, mahali pake. Kama kuna mlango wa zamani kati ya ukumbi na jiko, uutengeneze, uache uwe ndio pambo. Ukichonga na makabati kumi na mbili, mlango ule unakuwa mmoja wa kumi na tatu. Nimeona nyumba ambamo kuingia jikoni ni kama kuingia katika duka la masanduku ya watalii.

Rangi ni suala dogo kuliko watu wanavyodhani. Kuta nyeupe, makabati ya mbao tupu au ya rangi moja iliyopoa: kijani cha madirisha ya zamani, au kibuluu kilichofifia. Sakafuni, vigae vya saruji vyenye maua kama bado vipo visafishwe na vibaki hata kama vinne vimevunjika. Vya kuziba utavipata kwa mafundi wanaobomoa. Kama hakuna, sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa, kwa chumba cha chini, inapendeza na bei yake inakubalika.

Kuna jambo moja picha za simu hazilionyeshi, nalo kwangu ni la mtindo kuliko rangi yoyote: kazi nyingi za jiko letu hufanywa kwa kukaa. Nazi hukunwa kwa kukaa juu ya mbuzi. Mchele hupetwa kwa kukaa. Samaki hukatwa kwa kukaa na maneno mengi. Kaunta ya sentimita 90 inamfaa anayesimama kwa nusu saa akipika mayai. Familia moja iliyorudi kutoka Muscat ilikuwa imeshachora kaunta kuzunguka chumba kizima, pembe hadi pembe. Nikamgeukia mama mzee, nikamwamkia, nikamuuliza, "Bi mkubwa, wewe utakuna nazi wapi?" Akacheka. "Huko huko uani mwanangu, hawa wamenifukuza." Binti yake akasema nazi siku hizi inasagwa kwa mashine. "Hiyo ya kwako wewe," akajibu mama. Tulifuta upande mmoja wa kaunta, tukajenga kibaraza cha kimo cha sentimita 40 chini ya dirisha, kikapakwa saruji nyekundu, na nafasi ya mbele yake ikaachwa tupu na mfereji mdogo wa maji. Binti mwenyewe ndiye anayekikalia zaidi, na simu yake.

Kama una ua, acha pia jiko la nje, japo dogo: seredani moja, bomba moja, kivuli. Samaki wa kukaanga na mchuzi wa kuchemka saa nyingi vikae huko, na jiko la ndani halitahitaji feni kubwa ya kuvuta moshi, ambayo bomba lake lingedai tundu katika ukuta wa nusu mita. Tundu lolote linalotazama njia, na dirisha lolote unalotaka kupanua, linahitaji kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyopo tangu 1985. Tangu UNESCO iutie mji huu katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, jambo hilo linatazamwa kwa jicho kali zaidi, na ni haki. Mtungi wa gesi nao ukae uani, bomba lipite ukutani. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa chini na kujikusanya, kwa hiyo kabati lililofungwa chini ya kaunta ndipo mahali pabaya kuliko pote.

Haya yote nimeyasema kwa nyumba za mawe. Ukiwa Ng'ambo, upande wa pili wa mji wa Zanzibar, au Kariakoo na Ilala kule Dar es Salaam, katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, jiko liko uani tayari na mzigo uko juu ya ardhi: jenga kaunta ya zege, piga sakafu nyekundu, inua paa upate mwanya wa hewa, basi. Na kwa fleti za Michenzani, huko huko Ng'ambo, picha ile ya kwanza ya jiko jeupe, ukiiondoa meza ya katikati, inakaa vizuri kabisa. Majengo yale ni ya zege na mistari iliyonyooka, hayana ugomvi na makabati ya kiwandani.

Kwa mwenye nyumba ya mawe, ombi langu ni la kalenda. Bomoa taili za zamani na lipu ya saruji kabla ya Machi, kisha acha kuta wazi masika yote. Kila mvua kubwa ikipita, chora kwa penseli mpaka wa unyevu ulipofika na uandike tarehe. Mwezi wa Juni utakuwa na ramani ya mahali pasipofaa kuwekwa kabati wala soketi ya umeme. Hapo ndipo umwite seremala, naye apime kila ukuta mara tatu: chini, katikati na juu, maana vipimo hivyo vitatu havitalingana.