Wakala wa wataalamu hakulii jasho lako

Mjini Unguja neno hili limeshikwa miaka mingi: ukipata kazi ya muda kupitia wakala, yule anayewatafutia wateja wataalamu, sehemu ya ujira wako inaliwa. Wanamfananisha na dalali wa nyumba, anayevuta huku na huku.

Utaratibu wa kawaida sivyo ulivyo. Tuseme hoteli ya Paje inataka mhasibu wa kufunga hesabu za mwaka, au mwenye jumba la Mji Mkongwe anatafuta msanifu majengo anayezijua kuta za chokaa na mawe ya matumbawe (huyo humpati kwa kuuliza barazani tu). Wakala huchuja wasifu, huwapigia simu waliowahi kumtumia mtu huyo, hupanga mkataba, kisha humtoza mteja: ama ada ya mara moja, ama nyongeza juu ya ujira wa siku. Mtaalamu hupokea alichokubali. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1997, kwa jumla unakataza wakala binafsi wa ajira kumtoza mfanyakazi, ingawa unaruhusu vighairi.

Anayekudai "pesa ya fomu" hata kazi hujaiona, mtilie shaka. Ila nyongeza ile ipo, na mteja akiona bei kubwa huenda akataka wewe ndiye ushushe. Uliza mapema ni kiasi gani.