CDI haiongezi nguvu ya pikipiki ya platini
Kwenye magrupu ya Kigoma unazunguka ujumbe kwamba ukitoa platini (vidude viwili vinavyogusana na kuachana ili plagi itoe cheche) kwenye pikipiki ya zamani ukafunga CDI (kifaa cha kielektroniki kinachofanya kazi hiyohiyo), nguvu inaongezeka na petroli inapungua nusu. Si kweli. CDI inakupunguzia marekebisho tu, maana haina sehemu ya kugusana inayolika. Platini safi yenye uwazi sahihi kati ya sehemu zake mbili, milimita 0.3 hadi 0.4 kwa nyingi za Kijapani, inawasha vizuri vilevile.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu siku ya kufunga CDI fundi hutoa pia plagi nyeusi tii, akapanga na taimingi (wakati wa cheche kuruka) upya, na hayo ndiyo yanayoleta nafuu. Pima mwenyewe: rekebisha platini, jaza tangi, nenda Kasulu urudi, jaza tena uone lita zilizoingia.

Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Wapo wanaouamini wakauza magneto (sehemu inayozalisha umeme wa cheche) ambayo bado inafanya kazi kwa bei ya chuma chakavu, na kupata nyingine ni kazi kweli.