Akishamaliza arosto amepona? Yasemwayo Malindi kuhusu kuacha unga

Heroini, au unga, si ngeni Malindi. Omari Project, miongoni mwa vituo vya mwanzo kabisa vya kutibu waraibu wa unga nchini Kenya, ilianzishwa huku mwaka 1995. Kwa hiyo barazani kila mtu ni daktari. Mengi yasemwayo yana ukweli nusu, na ile nusu nyingine ndiyo inayoua.

“Mfungieni chumbani wiki moja, atatoka mzima”

Ni kweli kwamba arosto, yaani mateso ya mwili uliozoea unga ukiukosa, ina mwisho. Huanza kati ya saa 6 na 12 hivi baada ya kete (kipimo kimoja cha unga) ya mwisho, hukolea siku ya pili au ya tatu, na kwa wengi makali hupungua ndani ya wiki: kamasi, machozi, kuharisha, mifupa kuuma, kukosa usingizi usiku kucha. Kwa mwenye afya si rahisi imuue, mradi anarudishiwa maji anayopoteza. (Anayeacha pombe au tembe za bugizi, zile za usingizi, ni habari nyingine. Huyo msimfungie hata siku moja, kwani kukatiza ghafla huweza kuleta degedege na kifo. Mpelekeni hospitali.)

Inayosahauliwa ni siku ya nane. Mwili umeshapoteza uzoefu, lakini hamu iko pale pale. Kete aliyokuwa akivuta asubuhi asisikie kitu, sasa inaweza kumkata pumzi. Ndiyo sababu siku za mwanzo baada ya kutoka jela, soba (nyumba ya kuachia unga) au chumba kilichofungwa kufuli ni za hatari kuliko zote. Familia hubaki kusema “lakini alikuwa ameshaacha,” na wengine huanza kutafuta mchawi. Ipo dawa iitwayo naloksoni inayorudisha pumzi ya aliyezidiwa na unga, ila lazima impate mapema.

“Mateja wakikaa pamoja watafundishana nini zaidi ya kuvuta?”

Hofu hii naielewa. Mzazi amehangaika mwaka mzima kumtoa mtoto maskani, halafu anaambiwa ampeleke kwenye kikao cha waraibu wanaoacha, akakae na mateja wengine. Lakini maskani hukusanya watu wanaotafuta kete, na kikao hukusanya watu wanaotafuta namna ya kuimaliza siku ya leo bila kete.

Narcotics Anonymous, NA kwa kifupi, ilianza California mwaka 1953 kwa kuazima hatua 12 za walevi wa Alcoholics Anonymous, walioanza mwaka 1935. Sharti la kuingia ni moja tu: utake kuacha. Hakuna ada. Vikundi vya namna hii, viwe vya NA wenyewe au vya soba, huendeshwa karibu sawa. Viti huwekwa duara, mtu hutaja jina lake la kwanza na kusema yeye ni mraibu, huzungumza dakika chache, na hakuna anayemkatiza wala kumhubiria. Katika NA, mgeni hupewa kishika funguo cheupe. Akitimiza siku 30 hupata cha rangi ya machungwa, siku 60 cha kijani, siku 90 chekundu. Ni kitu cha bei ndogo mno, lakini kimpe mtu aliyewahi kuuza sufuria za mamake uone atakavyokishika.

Faida yenyewe iko kwenye mambo madogo. Kijana akisema anaogopa Jumamosi kwa sababu ndiyo siku ya kulipwa, daktari atamwambia ajizuie. Mwenzake aliyetangulia atamwambia pesa zitumwe kwenye simu ya dada yake, na akitoka kazini asipite njia ya maskani, hata kama ndiyo ya mkato. Mlezi wake kikundini, yaani mwenzake wa zamani anayemwongoza, hupokea simu usiku wa manane wala haulizi “tena?”

Uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, wa mwaka 2020, uliokusanya tafiti 27 kuhusu pombe, ulionyesha kwamba kuwaunganisha watu na vikao vya hatua 12 kuliwasaidia zaidi kukaa bila kulewa mfululizo kuliko tiba nyingine zilizopimwa. Ushahidi huo ni wa pombe, si wa unga, kwa hiyo kikundi kisichukue nafasi ya hospitali. Na wageni wawili wenye siku tatu tatu tu bila unga wasiachwe waondoke pamoja. Hapo hofu ya mzazi ina haki.

“Hayo ni mambo ya kanisani”

Hatua 12 humtaja Mungu “kama tulivyomfahamu”, basi. Na Iran, nchi ya Waislamu, ni miongoni mwa nchi zenye wanachama wengi zaidi wa NA duniani.

“Methadoni ni unga wa serikali”

Hospitali ya Malindi imekuwa ikitoa methadoni, dawa inayochukua nafasi ya unga mwilini, tangu 2015. Mgonjwa huja kila siku, hupewa dawa ya maji kwenye kikombe kidogo, na huinywa mbele ya mhudumu. Hufanya kazi polepole kwa siku nzima au zaidi. Kiwango kikiwa sawa hakuna nishai (kulewa) wala arosto, na mtu anaweza kwenda kazini. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005.

Tatizo ni kwamba hata baadhi ya vikundi humwona anayeinywa kuwa bado hajawa safi, humruhusu asikilize tu. Kwangu mimi, kikundi kinachomharakisha mtu aache methadoni ili apate kishika funguo kinamweka karibu na kaburi. Dozi hupunguzwa na daktari, taratibu. Tafuteni kikundi kingine.

“Ameanguka tena, huyo basi”

Kati ya asilimia 40 na 60 ya wanaotibiwa uraibu hurudia, kiwango kisichopishana sana na cha wagonjwa wa presha au pumu. Hakuna anayemfukuza mwenye presha nyumbani kwa sababu dalili zimerudi. Kikundini aliyeanguka huanza upya na kile cheupe.

“Wanawake wa kwetu hawatumii”

Wanatumia, wamefichwa. Kwenye kikao kilichojaa wanaume, ambapo huenda mmoja wao ndiye aliyekuwa akimuuzia, mwanamke hawezi kukaa akasema yaliyomkuta. Simu ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ni 1192, haina malipo. Ukimtafutia dada yako kikundi, uliza kwanza kama kuna kikao cha wanawake peke yao, kinafanyika saa ngapi, na ni nani atakayemshikia mtoto.