Je, wajua kwanini Newala, mkoani Mtwara, mvua ni moja lakini sio wote wenye maji?

Ukifika Newala lazima watakupeleka Shimo la Mungu, unasimama pale pembezoni mwa mteremko unaliona bonde la Ruvuma lote chini na Msumbiji ng'ambo, na cha kwanza mgeni anachouliza ni kwanini watu wakajenga huku juu wakati maji yapo kule chini? Swali zuri sana hilo, ila mi naona lipo la pili ambalo watu hawaulizi. Mbona nyumba mbili zinapakana, mvua inayozinyeshea ni moja, ikifika mwezi wa tisa moja inachota maji uani na nyingine mama anaamka saa kumi usiku kushuka bondeni?

Tuanze na hilo la kwanza, fupi tu. Nyanda za juu za Makonde, yaani Newala, Tandahimba na jirani zake, zina udongo wa kichanga juu ya mwamba laini unaopitisha maji. Mvua ikinyesha inazama yote, haikai mto wala kijito, inakwenda kutokea huko chini mabondeni kama chemchemi. Na wazee walipapenda juu kwa sababu zao. Kuna hadithi ya Wamakonde kwamba mtu wa kwanza alichonga mwanamke kwenye mti, akawa mtu kweli, wakakaa karibu na mto, mtoto wao akazaliwa mfu, wakapanda juu kidogo, wa pili naye hivo hivo, wakapanda mpaka kwenye vichaka vya juu kabisa na huko ndo wa tatu akaishi. Ukiifikiria hiyo hadithi ina akili kubwa ndani yake, mabondeni kuna mbu na homa, na vichaka vile viliwaficha watu enzi za kukamatwa utumwa.

Sasa la pili ndo lenyewe.

Huku mvua ni za msimu mmoja, kuanzia kama mwezi wa kumi na mbili mpaka wa nne au wa tano, baada ya hapo kiangazi kirefu. Kwaiyo mwenye uwezo anaezeka bati, anafunga gata (mfereji wa kukusanya maji ya paa), anachimba birika la sementi uani na kukinga. Hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Nyumba ya mita 8 kwa 6 ikipata milimita 900 kwa msimu ni zaidi ya lita elfu 43, hata ukitoa yanayomwagika bado ni maji mengi sana. Tatizo ni pa kuyaweka. Birika la lita elfu 10 likiwa limejaa mwanzoni mwa mwezi wa sita, familia ya watu sita wanaotumia lita 20 kila mmoja wanalimaliza ndani ya mwezi wa nane. Na mwenye nyumba ya nyasi huyo hata hiyo hesabu haimhusu.

Bati na sementi zinatoka wapi? Kwenye korosho. Mnada unaanza mwezi wa kumi hivi, mvua bado, na hapo katikati ndo utaona kila kona watu wanaezeka na wanasiliba mabirika. Kwaiyo ukitaka kujua nani atakuwa na maji mwakani uliza kwanza mkorosho ni wa nani.

Hapo ndo utakuta kijiji sio kitu kimoja kama ripoti za miradi zinavyoandika. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa asili ukoo unafuata mama, mtu alirithi kwa mjomba wake. Zamani shamba lilikuwa la kuhamahama, unafyeka, unalima mtama na mihogo, unaliacha lipumzike. Mkorosho ukabadilisha kila kitu, maana mti unakaa miaka na miaka, aliyeupanda anataka watoto wake wa kuwazaa ndo waurithi, wapwa zake nao wanasema ni wetu. Ugomvi wa hivo upo mpaka leo na anayeumia mara nyingi ni mjane aliyepalilia na kuokota korosho miaka yote. Mgeni aliyeazimwa shamba naye analima mihogo na kunde tu, akipanda mti mmoja wataona anataka kujimilikisha. Na tangu stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa kukusanya mazao ghalani kwa risiti na kuyauza kwa mnada, ilipoanza Mtwara msimu wa 2007/08 korosho inapita kwenye chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima, malipo yanakwenda kwa jina lililoandikishwa, na mara nyingi hilo jina ni la baba.

Mabomba yapo, siwezi kusema hayapo. Mradi wa maji wa Makonde ni wa tangu miaka ya 1950, unasukuma maji kutoka bonde la huko Kitangari kupanda mamia ya mita, na miaka ya 1970 Wafini, watu wa Finland, walichimba visima na kufunga pampu za mkono sehemu nyingi za Mtwara na Lindi. Lakini kusukuma maji mlimani kunakula umeme, mashine ikizima watu wanarudi bondeni. Tena angalia hili, maji yakibebwa kichwani ni kazi ya mama na binti, yakipanda kwenye baiskeli au pikipiki yakawa biashara basi ni kazi ya vijana wa kiume. Bibi asiyeweza kupanda ule mteremko ananunua dumu kwa kijana.

Sera ya maji ya 2002 ilitaka wanawake wawemo kwenye kamati, na wapo, ila kikao ukikiita saa mbili asubuhi wenyewe ndo wako njiani na ndoo, nani atasema pampu imeharibika wapi?

Mama yangu mkubwa mumewe alipofariki mikorosho ilichukuliwa na ndugu wa mume, akabaki na nyumba isiyo na gata. Alirudi kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mila ikimnyima mwanamke ardhi hiyo mila ni batili, akapanda miche ya kwake mwenyewe, akajiandikisha chama cha msingi kwa jina lake. Ilichukua miaka, miti ya korosho haina haraka. Birika lake ni dogo, halifiki mwezi wa tisa, sa hivi anachimba la pili.