Machu Picchu haiko juu kuliko Cusco
Watu wakipanga safari ya Peru utasikia eti tulale kwanza mji wa Cusco siku mbili tatu mwili uzoee hewa nyepesi ya milimani, ndo tupande Machu Picchu, yale magofu ya Wainka. Kumbe ni kinyume! Cusco iko kama mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, Machu Picchu ni 2,430 hivi, yani unashuka. Sasa we umetoka Lima pale pwani, ndege saa moja na kitu, unafika Cusco kichwa kinauma kwa hiyo hewa na ngazi za hoteli tu zinakuhemesha, chai ya majani ya koka watakupa ikutulize ila haina miujiza. Bora ukitua uchukue gari mpaka mji mdogo wa Ollantaytambo, mita 2,800 hivi, ulale huko, treni ya kwenda Machu Picchu unaipandia hapohapo. Cusco weka mwishoni, na usiipe siku moja tu, mji mtamu ule.